Mahakama Inamtambua Wakili Gani? Kubadilisha Wakili Kesi Ikiwa Katikati

Shangazi yangu wa Njoro alikuwa na mawakili wawili, na bado kesi yake ilisikilizwa bila wakili hata mmoja wa kumtetea. Wa kwanza, shangazi alimwachisha kazi kwa simu. Wa pili alimlipa shilingi 30,000 za kuanzia, akapewa risiti, akaambiwa aende nyumbani atulie. Akatulia. Miezi mitano baadaye kijana alishuka kwa bodaboda langoni kwake akiwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na amri ya mahakama. Robo ekari aliyokuwa akilima viazi tangu mumewe afariki ilikuwa imepewa shemeji yake.

"Mwanangu," aliniambia kwa simu, "hiyo kesi wameisikiliza lini na mimi nilikuwa hapa tu?"

Tulikwenda pamoja Nakuru, tukalipia ada ya kukagua faili, karani wa masjala akatuletea. Nililipekua ukurasa kwa ukurasa. Jina la wakili wa pili halikuwamo popote. Karatasi zote za upande wetu zilikuwa za wakili wa kwanza, na notisi ya tarehe ya kusikilizwa ilikuwa na muhuri wa ofisi yake kwamba ameipokea. Yeye aliiona, akajisemea kwamba mama huyu alinifuta, akaiweka kando. Wa pili hakuletewa chochote kwa sababu hakuna aliyejua kwamba yupo. Wakili wa shemeji alifika mahakamani, akaonyesha muhuri ule, na hakimu akaendelea na kesi, kwani sheria inamruhusu kuisikiliza ikiwa upande mmoja umepewa notisi ipasavyo na haukufika.

Baada ya hapo niliajiriwa karani katika ofisi ya mawakili mjini Nakuru. Kwa miaka minane nimebeba mafaili kati ya ofisi na mahakama, na nimekaa na watu wengi waliofika kwetu wakiwa na kesi nusu. Swali lao la kwanza huwa lilelile: je, naruhusiwa kubadilisha wakili? Hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Gumu ni lile ambalo hawaulizi, kwamba leo hii mahakama inamtambua nani kuwa wakili wako.

Anayetambuliwa ni aliye kwenye rekodi

Kesi za madai hapa Kenya, yaani za ardhi, mikataba, ajali na kadhalika, zina kitabu chao cha utaratibu: Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010. Mambo ya mawakili yamo katika Agizo la 9. Kanuni ya 5 inakupa uhuru wa kubadilisha wakili bila kuomba idhini ya mahakama na bila kutoa sababu. Huhitaji kuthibitisha kwamba wakili wako ni mzembe. Huhitaji ruhusa yake wala barua yake ya kukubali. Hata kama unadaiwa ada, deni halikufungi kwake.

Lakini kanuni hiyohiyo inaendelea kusema kwamba hadi notisi ya kubadilisha wakili iwasilishwe katika mahakama inayosikiliza kesi na ipelekwe kwa wahusika, wakili wa zamani atahesabiwa kuwa ndiye wakili wako mpaka kesi ifike mwisho wake, pamoja na mapitio na rufaa. Nenda tena juu usome kilichompata shangazi. Simu aliyopiga, pesa alizolipa, risiti aliyopewa, vyote vilikuwa kati yake na mawakili wake. Mahakamani hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Notisi yenyewe ni karatasi moja, na mara nyingi haifiki hata nusu ukurasa. Ina namba ya kesi, majina ya wahusika, maneno kwamba mdai au mdaiwa fulani sasa anawakilishwa na ofisi fulani badala ya ofisi fulani, anwani ya kupelekea hati, tarehe na sahihi. Anayeiandaa ni wakili mpya. Siku hizi haipelekwi tena kaunta, bali hupakiwa kwenye mfumo wa mahakama wa intaneti, ambao ulienezwa nchini kote mwaka 2024. Ada yake ni ndogo na hulipwa kwa simu. Kisha nakala hupelekwa kwa kila upande katika kesi, na kwa wakili wa zamani pia. Huyo wa mwisho ndiye husahaulika. Watu huona aibu kumwandikia, au hudhani ataelewa tu.

Kwa hiyo ukimlipa wakili mpya leo, jambo la kumwomba wiki hii ni nakala ya notisi iliyopokelewa na mahakama, yenye muhuri. Usimuulize kama "ameshughulikia". Mwombe karatasi. Ofisini kwetu mteja akiiomba hakuna anayekasirika, na wakili anayekasirishwa na ombi hilo amekuonyesha tabia yake mapema.

Zipo notisi nyingine mbili za familia hiyohiyo. Kama ulikuwa ukijitetea mwenyewe na sasa umepata wakili, yeye huwasilisha notisi ya kuteuliwa. Kama ulikuwa na wakili na sasa unataka kusimama mwenyewe, unawasilisha notisi kwamba utajiwakilisha, ukiweka anwani ambayo hati zako zitapelekwa. Weka namba ya simu unayoitumia kweli na baruapepe unayoifungua. Tangu kanuni ziliporekebishwa mwaka 2020, hati za mahakama zinaweza kukufikia hata kwa baruapepe au kwa WhatsApp, na kusema hukuona si utetezi wa kutegemea.

Hukumu ikishatoka, mlango ni mwingine

Wakili wa pili wa shangazi alipopata habari za amri ile alishtuka, na kwa kweli alifanya haraka. Siku ya tatu alikuwa ameshaandaa ombi la kufuta hukumu, hati ya kiapo ikiwa na sahihi ya shangazi, kila kitu. Akaambatisha na ile notisi ambayo angepaswa kuiwasilisha miezi mitano nyuma. Tulikaa benchi la nyuma siku ya ombi. Wakili wa shemeji alisimama, akasema maneno machache tu: mwenzangu hayuko kwenye rekodi, hukumu imeshatolewa, na hana idhini. Hakimu akapekua faili, akauliza, "Wakili, idhini yako iko wapi?" Haikuwapo. Ombi likatupiliwa mbali bila mtu kugusa suala la ardhi.

Shangazi alinigeukia akaninong'oneza, "Si ameandika notisi sasa?" Ameandika, ndiyo. Lakini baada ya hukumu notisi peke yake haina nguvu. Kanuni ya 9 ya Agizo hilohilo inasema kwamba hukumu ikishatolewa, kubadilisha wakili, au kumwacha wakili ujiwakilishe mwenyewe, kunahitaji amri ya mahakama. Amri hiyo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ombi ambalo pande zote zimepewa notisi. Ya pili ni maafikiano ya maandishi kati ya wakili anayetoka na yule anayeingia, au kati ya anayetoka na mteja anayetaka kujiwakilisha, yakawasilishwa mahakamani.

Kwa nini sheria ikaweka uzio hapo hasa? Kwa sababu hapo ndipo pesa zilipo. Wakili amehangaika na kesi miaka minne, hukumu imetoka, mteja anafidiwa shilingi milioni moja, kisha kesho yake anamfuta ili asimlipe na kuchukua mwingine wa kupokea hundi. Visa hivyo vilikuwako vingi, na kanuni ikatungwa kumlinda anayetoka.

Huku kwetu jambo hili huonekana zaidi katika kesi za ajali. Kuanzia Salgaa hadi Kisumu, na katika barabara za Busia na Kakamega ambako bodaboda na malori hubanana, watu huumia na kushtaki, na kampuni ya bima ikikubali kulipa, hundi huenda kwa wakili aliye kwenye rekodi. Yeye anatakiwa kuiweka katika akaunti ya wateja, iliyo mbali na akaunti yake mwenyewe, kisha akuhesabie. Mteja aliyehamia kwa wakili mwingine kimyakimya katika hatua hiyo anajikuta pesa zake zimepokelewa na mtu asiyezungumza naye tena. Hapo usikimbilie kulia kwamba umeibiwa. Kwanza uliza rekodi inasema nini.

Ubaya wa kanuni ya 9 ni kwamba hukubana wakati saa inakwenda mbio. Rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30. Anayetaka kwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo ina kituo Kisumu, anatakiwa kuwasilisha notisi ya rufaa ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Na aliyeshinda anaweza kuanza kutekeleza hukumu, mnadi akatumwa nyumbani. Ukitumia siku kumi kuzozana na wakili wa zamani kuhusu sahihi, umezitoa katika siku hizo.

Njia ya kupumua ipo. Kanuni ya 10 inaruhusu ombi la kubadilisha wakili liunganishwe na maombi mengine, kwa mfano kusitisha utekelezaji wa hukumu, ila suala la wakili liamuliwe kwanza. Hivyo wakili mpya mwangalifu huweka ombi la kuingia kwenye rekodi kuwa namba moja, na mengine yakafuata katika karatasi ileile. Wakili wa shangazi angefanya hivyo tungeokoa miezi.

Utasikia pia watu wakisema kwamba rufaa ni kesi mpya, kwa hiyo wakili mpya hahitaji idhini. Majaji wenyewe wametofautiana katika hilo. Wapo waliokubali, wapo waliokataa, na wapo walioegemea Kifungu cha 159 cha Katiba, kinachotaka haki itolewe bila kung'ang'ania taratibu kupita kiasi, wakamsikiliza wakili ambaye mwenzao angemfukuza. Mimi nisingeweka shamba la mtu rehani kwa kukisia jaji atakuwa wa aina gani. Maafikiano ya kurasa mbili yanamaliza ubishi.

Ada, na faili lililoshikwa

Tatizo ni kwamba anayetoka haweki sahihi bure. Tulipokwenda kwa wakili wa kwanza wa shangazi, katika ghorofa ya pili ya jengo lenye duka la dawa chini, alitupokea vizuri tu. Akatoa faili, akatoa na karatasi ya hesabu: shilingi 40,000 bado. Na hatimiliki ya robo ekari, ile ya asili, ilikuwa ndani ya faili hilo. Shangazi aliitambua kwa doa la chai kwenye pembe. Alinyoosha mkono, na wakili kwa upole akafunga faili.

Je, ana haki ya kufanya hivyo? Jibu halipendezi: kwa kiasi, ndiyo. Wakili ambaye hajalipwa ada yake halali anaweza kuzuilia karatasi za mteja zilizomfikia kwa ajili ya kazi hiyo, hadi alipwe. Ni haki ya kushikilia tu. Hawezi kuiuza hatimiliki, hawezi kuiweka rehani, hawezi kumpa upande wa pili.

Na haki hiyo ina mipaka. Agizo la 52 la kanuni zilezile linaipa mahakama uwezo wa kumwamuru wakili atoe hesabu ya pesa alizopokea, arudishe pesa au hati za mteja, na akabidhi karatasi ambazo mteja anastahili kuwa nazo. Akidai kwamba anadai ada, mahakama inaweza kuagiza ada hiyo ikadiriwe na kulipwa, au iwekewe dhamana, huku karatasi zikitoka. Kwa hiyo asikutishe kwamba faili litaozea kabatini kwake.

Kisha lile neno "bado unadaiwa 40,000" lenyewe si sheria. Kama mlikubaliana ada kwa maandishi na ukaweka sahihi, kifungu cha 45 cha Sheria ya Mawakili kinayatambua makubaliano hayo, ingawa mahakama inaweza kuyafuta au kuyabadilisha ikiona ni ya kukandamiza. Kama hakuna maandishi, anayeamua si wakili wala mteja. Wakili huandaa bili ya gharama, kila hatua na bei yake, na Naibu Msajili wa Mahakama Kuu huikadiria kwa kufuata viwango vilivyowekwa na Agizo la Malipo ya Mawakili. Nimeona bili zikipunguzwa sana hapo. Nimeona pia mteja aliyekuja na kifua mbele akiambiwa alipe zaidi ya alivyokuwa ameombwa kirafiki. Asiyeridhika ana siku 14 za kuandika pingamizi, na suala huenda kwa jaji. Wala wakili hawezi kukushtaki kwa ada kabla ya mwezi mmoja kupita tangu akukabidhi bili.

Kuhusu yale mapatano ya mdomo ya "tukishinda tutagawana, tukishindwa hunidai", fahamu kwamba kifungu cha 46 hakiyatambui mapatano ambayo wakili wa kesi atalipwa tu iwapo atashinda. Yapo mengi vijijini, hasa kwenye kesi za ajali. Siku ya kuachana ndiyo siku ambayo kila mmoja hugundua kwamba hana cha kushika.

Jambo moja ambalo wateja hawalijui, nami huwaambia kabla hawajaanza kugombana: sehemu kubwa ya faili lako si siri ya wakili. Hati ya madai, utetezi, taarifa za mashahidi, maombi, viapo, amri, vyote viko katika faili la mahakama, na mhusika wa kesi anaweza kulikagua na kulipia nakala, pamoja na mwenendo wa kesi uliochapwa. Wakili mpya anaweza kujenga upya karibu kila kitu kutoka hapo. Kitakachobaki mikononi mwa wa zamani ni hati zako za asili. Basi gombania hizo, usigombanie kabrasha zima.

Shangazi hakugombana. Waliandikiana kwamba atalipa 40,000 kwa awamu nne. Siku alipolipa awamu ya kwanza wakili aliweka sahihi kwenye maafikiano ya kumruhusu mwenzake aingie, na hatimiliki ikatolewa siku ya awamu ya mwisho. Mimi niliona ni ghali. Yeye aliona ni nafuu kuliko kupoteza shamba.

Kabla hujamfuta

Wengi wanaokuja ofisini wakitaka kuhama hawana ugomvi na wakili. Wana ugomvi na kuahirishwa. "Kesi inatajwa tu, haisikilizwi." Huwa nawaomba kitu kimoja: kakague mwenendo wa kesi, uandike kila tarehe na aliyeomba iahirishwe. Mara nyingine ni hakimu aliyehamishwa. Mara nyingine ni upande wa pili. Mara nyingine ni wewe, ulipokosa kuleta shahidi. Ukikuta mara nne kati ya sita ni wakili wako hakufika, au aliomba muda kwa sababu hajajiandaa, hapo unayo sababu, tena una haraka. Kesi ikikaa mwaka mzima bila hatua yoyote, mahakama inaweza kukutaka ueleze kwa nini isifutwe. Na ingawa mara nyingine majaji husema kosa la wakili lisimwangamize mteja, mara nyingine pia husema kesi ni ya mwenyewe na alipaswa kuifuatilia. Usitegemee huruma hiyo.

Ukiamua kuhama, usihame asubuhi ya kusikilizwa. Nimewaona wanaofanya hivyo. Wakili mpya anasimama na faili ambalo hajalisoma, anaomba muda, upande wa pili una mashahidi watatu waliotoka Molo alfajiri kwa nauli. Mahakama inaweza kukataa kabisa, au ikubali na kukuagiza ulipe gharama za siku hiyo. Wakati mzuri ni baada tu ya tarehe moja kupita na nyingine kuwekwa mbali.

Wala usitarajie muujiza. Wakili mpya anaikuta kesi ilipofika. Shahidi aliyekwisha kuhojiwa amehojiwa. Kumrudisha kunahitaji ruhusa. Maafikiano aliyoweka wakili wa zamani kwa niaba yako yanakufunga. Hati ya madai iliyoandikwa vibaya inaweza kurekebishwa, lakini kadiri kesi inavyosonga ndivyo ruhusa inavyokuwa ngumu. Maji yakimwagika hayazoleki, na wakili anayekuahidi kuyazoa yote kabla hata hajasoma faili anatafuta amana yako tu.

Kuna siri zako pia. Uliyomwambia wakili wa zamani hayatoki kwake kwa sababu mmeachana. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinamfunga hata baada ya kazi kwisha. Ukimwona amehamia upande wa shemeji yako, mwambie wakili mpya siku hiyohiyo.

Wakili naye anaweza kukuacha. Akitaka kutoka na wewe hujateua mwingine, anatakiwa aombe mahakama imwondoe kwenye rekodi na akupe notisi ya ombi hilo. Ukiipata notisi hiyo usiitupe kwa hasira, maana baada ya amri kutoka hati zote zitaletwa kwako wewe. Akifariki au akipoteza haki ya kufanya kazi ya uwakili, hata upande wa pili unaweza kuomba jina lake liondolewe. Leseni ya uwakili hutolewa kila mwaka, na hali ya wakili yeyote inaweza kuangaliwa kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili nchini, LSK. Angalia ya anayekuja, si ya anayeondoka pekee. Mwaka 2015, katika kesi ya Benki ya Kitaifa ya Kenya na kampuni ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati haiwi batili kwa sababu tu aliyeiandaa ni wakili asiye na leseni ya mwaka huo. Uamuzi huo uliwaokoa wengi waliotiwa hofu, lakini kesi ya kuamuliwa kwa ubishi wa leseni si kesi unayotaka kuwa nayo.

Katika kesi za jinai mambo ni mepesi zaidi kwa mshtakiwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kuchagua wakili, na wakili mpya kwa kawaida hujitambulisha mahakamani na jina lake likaandikwa. Tofauti ni kwa aliyepewa wakili na serikali, kama katika kesi za mauaji. Huyo hachagui kama anayelipa mwenyewe. Akiwa na malalamiko amwambie jaji, aseme waziwazi kisa ni nini. Na kwa wasio na uwezo wa kulipa katika kesi nyingine, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliunda huduma ya kitaifa ya msaada huo, na wanawake wa magharibi wana ofisi ya FIDA Kenya, shirika la wanasheria wanawake, mjini Kisumu.

Kama wakili amekula pesa zako au amekuficha jambo, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, iliyoundwa chini ya kifungu cha 53 cha Sheria ya Mawakili. Peleka malalamiko yako huko. Lakini hiyo ni njia nyingine kabisa. Tume haimtoi kwenye rekodi, wala haisimamishi tarehe yako ya kusikilizwa. Nimeona mtu aliyeandika malalamiko mazuri ya kurasa kumi na akasahau notisi ya nusu ukurasa.

Maafikiano ya shangazi yalipowasilishwa, wakili wa pili aliingia rasmi, akarudisha lile ombi la kufuta hukumu, na safari hii likasikilizwa. Hakimu alikubali kesi ianze upya kwa sharti kwamba alipie upande wa pili gharama za usumbufu. Siku ile hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alinivuta mkono hadi masjala, akamwomba karani ampe faili tena.

"Mama, si umeliona juzi?" karani akamwuliza.

"Nilione na leo."

Akavaa miwani. Akafungua hadi karatasi ya juu, akaweka kidole chini ya jina la wakili, akalisoma silabi kwa silabi, kisha akasogeza kidole hadi kwenye muhuri wa mahakama na kusoma tarehe. Alipomaliza akafunga faili, akamshukuru karani, tukashuka kutafuta matatu ya Njoro.